Mzee Armstrong na vile vikopo vya bati kwenye redio ya babu

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nina stori ya mtu aliyefariki New York mwaka 1954. Tukuyu hakuwahi kufika, lakini kazi yake ilikuwa ndani ya nyumba yetu Lufingo kabla mimi sijazaliwa.

Nikiwa darasa la nne niliua redio ya babu. Ilikuwa ya boksi la mbao, masafa ya kati na masafa mafupi tu, inakula mawe manne makubwa. Babu kaenda kuchuma chai, mimi nikachukua bisibisi nikafungua mgongo. Ndani nikakuta vikopo vidogo vya bati, kila kimoja kina skrubu ya rangi juu yake: njano, nyeupe, nyeusi. Nikazizungusha zote, nikijua nazikaza. Jioni babu akawasha asikilize taarifa ya habari, redio inakoroma tu kama mtu mwenye mafua. Kilichonipata sisimulii.

Fundi mmoja wa Tukuyu mjini ndiye aliyeifufua, nusu mzunguko hapa, robo pale, sikio kwenye spika. Akanieleza kwamba vikopo vyote vimetegwa sehemu moja, kilohezi 455, na mtoto akivigusa redio inakuwa kiziwi. Miaka mingi baadaye niko intaneti kafe, nimelipia saa moja kwa shughuli nyingine kabisa, nikakumbuka ile namba nikaitafuta. Ndipo nikakutana na Edwin Howard Armstrong.

Jamaa alizaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890, akakulia Yonkers, mji wa jirani. Utotoni aliugua maradhi yaliyomwachia kuchezacheza kwa bega na shingo maisha yake yote, hasa akipata jambo la kumchangamsha. Alikaa nje ya shule muda mrefu. Akawa dogo wa kujifungia chumbani na nyaya, na nyumbani kwao akasimamisha mlingoti wa antena unaopita futi 100, anaupanda mwenyewe. Wakati ule vijana wengi Marekani walikuwa hivyo: watu wa redio ya ridhaa, wanaotuma na kupokea mawimbi bila kulipwa, kwa kupenda tu.

Mwaka 1912, bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, akapata wazo lake la kwanza. Alichukua sauti dhaifu iliyokwisha pita kwenye lampu ya redio (zile za kioo, kabla ya transista), akairudisha mlangoni ipite tena, na tena. Kila mzunguko inaongezeka nguvu. Ukizidisha, inapiga kelele, kama mtu wa kwaya anapoisogeza maikrofoni karibu na spika. Ghafla alisikia stesheni za mbali ambazo hakuna mtu aliyekuwa anazipata. Akaomba pesa kwa baba yake akachukue hataza, yaani ile karatasi ya serikali inayosema wazo hili ni la fulani. Mzee akakataa: maliza masomo kwanza. Dogo akaishia kupeleka mchoro wake ugongwe muhuri wa mwanasheria, tarehe 31 Januari 1913. Kuchelewa kule kulikuja kumtesa. Lee de Forest, aliyekuwa ametengeneza ile lampu yenyewe, akadai wazo ni lake, na kesi ikazunguka mahakamani hadi mwaka 1934. Mahakama Kuu ya Marekani ikampa de Forest. Mainjinia wenzake hawakukubali. Armstrong alipotaka kurudisha medali waliyompa kwa kazi ile, walimkatalia mbele ya watu wote.

Lakini turudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo vikopo vinapoingia. Mwaka 1918, akiwa jeshini Ufaransa, alitengeneza mtindo wa pili, unaoitwa superhetirodaini. Jina refu, kazi nyepesi kuelewa. Chukua kiwanda cha chai: majani yatoke shamba lolote, yakifika kiwandani yanapita mashine ile ile. Redio yake inafanya hivyo. Stesheni ikiwa kilohezi 1000, redio inatengeneza wimbi lake dogo la 1455 ndani kwa ndani, inayachanganya, tofauti inabaki 455. Ukizungusha hadi 700, lenyewe linahamia 1155, tofauti ni 455 ile ile. Kwa hiyo vile vikopo vinasikiliza sehemu moja tu na vinaisikiliza vizuri sana. Mimi na bisibisi yangu nilikuwa nimekihamisha kiwanda.

Mwaka 1921 watu wa ridhaa waliionyesha dunia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 ilikuwa imewasukumia kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, kwa kuwa wakubwa waliyaona hayana faida. Mwezi Desemba 1921 Armstrong na wenzake wachache walijenga kituo Greenwich, Connecticut, kikaitwa 1BCG, kikirusha kwenye mita 230 hivi. Mwenzao Paul Godley alikuwa Ardrossan, Scotland, ndani ya hema kwenye baridi, na redio ya superhetirodaini. Akawasikia, kuvuka bahari ya Atlantiki. Hayo mawimbi mafupi yaliyodharauliwa ndiyo baadaye yaliyotuletea London na Cologne kwa Kiswahili hapa Rungwe.

Pesa zikaja. Kampuni kubwa ya RCA ilinunua haki zake, akawa na hisa nyingi mno. Mwaka 1923 alimwoa Marion MacInnis, sekretari wa David Sarnoff, bosi wa RCA, na zawadi ya harusi ilikuwa redio ya kubebeka ya superhetirodaini. Mwaka huo huo alipanda mnara wa RCA juu ya jengo moja New York akapigwa picha huko, Sarnoff akachukia kweli. Wengine mngefanya nini, lakini huyu ndiye alivyokuwa.

Sasa ngoma yenyewe. Wakazi wa Rungwe mnajua radi inavyoichana AM. Sarnoff alitaka kifaa cha kuondoa zile kelele. Armstrong akaja na kitu kikubwa kuliko alichoombwa: utangazaji mpya, FM, hataza zake zikatolewa tarehe 26 Desemba 1933. Tarehe 5 Novemba 1935 aliwasikilizisha mainjinia New York, mawimbi yakitoka kituo cha ridhaa cha rafiki yake kule Yonkers. Walisikia maji yakimiminwa na karatasi ikichanwa, kimya kati yake. RCA ilikuwa imewekeza kwenye AM na inakimbilia televisheni. Ikamwambia atoe mitambo yake kwenye jengo la Empire State. Akajenga mnara wake mwenyewe Alpine, New Jersey. Mwaka 1940 RCA ikamtolea dola milioni moja imalizane naye. Akakataa, akitaka walipe kama kampuni nyingine, kidogo kwa kila redio. Mimi hapa huwa nasimama. Ukiwa na njaa unamwona mjinga. Yeye hakuwa na njaa bado.

Halafu ikaja mwaka 1945. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliihamisha FM kutoka megahezi 42 hadi 50, ikaipeleka juu, kuanzia 88. Sababu iliyotolewa ni kwamba madoa ya jua yangeleta mwingiliano kule chini. Armstrong alipinga kwa vipimo vyake, hakusikilizwa. Kwa uamuzi huo mamia ya maelfu ya redio za FM zilizokwisha nunuliwa zikawa makopo. Hakuna lampu iliyoungua, hakuna waya uliokatika. Namba tu zilibadilika kwenye karatasi. Hiyo 88 unayoiona leo ukifungua FM kwenye simu yako ndiyo ile iliyommaliza.

Kama unaona ni mambo ya Wazungu, kumbuka tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia, na wale waliokuwa hawana king'amuzi. Au Juni 2016, simu feki zilipofungiwa nchi nzima. Sisemi maamuzi hayo yalikuwa mabaya, simu feki ni kimeo. Nasema aliyelala na kifaa kizima na kuamka na kopo anajua Armstrong alijisikiaje.

Mwaka 1948 aliishtaki RCA. Wanasheria wa kampuni walivuta muda, mwaka baada ya mwaka, hataza zikaisha, na pesa zake zikaisha. Ndoa ikayumba, Marion akaondoka akakae kwa dada yake. Usiku wa tarehe 31 Januari 1954 Armstrong alijitoa uhai. Tarehe ile ile ya muhuri wa mchoro wake, miaka 41 kamili. Marion aliendelea na kesi. RCA ililipa dola milioni moja na ushee mwaka huo huo wa 1954, kiasi kinachokaribia kile alichokikataa. Kampuni nyingine aliziburuza moja moja, na ya mwisho, Motorola, akaishinda mwaka 1967.

Watu wa ridhaa hawakuisahau 1945. Wapo Marekani wanaoendelea kurusha kwa AM na mitambo ya lampu inayopasha chumba joto. Mwaka 2005 chama chao kikubwa, ARRL, kiliomba FCC igawe bendi kwa kupima upana wa mawimbi. AM inakula nafasi karibu mara mbili ya njia ya kisasa ya kuongea, hivyo ilibidi itengewe ruhusa ya pembeni. Wengi hawakutaka kuishi kwa hisani ya pembeni, wakaandika kupinga, na mwaka 2007 ombi likaondolewa. Hapa kwetu leseni za ridhaa hutolewa na TCRA, na vituo vyake hujitambulisha kwa herufi zinazoanza na 5H.

Redio ya babu sasa ninayo mimi. Mchana hapa Lufingo FM inategemea umesimama wapi, kwa sababu inakwenda kwa kunyooka na Mlima Rungwe haupishi mtu. Usiku nawasha ile ya mbao. Masafa ya kati yanagonga anga ya juu na kurudi chini, mlima usijue. Wiki iliyopita nilipata stesheni kwa lugha nisiyoijua, sauti inakuja na kupotea, radi inapiga katikati. Skrubu za vikopo sijazigusa. Mwenye redio ya zamani nyumbani kwao aandike hapo chini inashika nini ikifika saa nne usiku.