Frederick McKay: daktari wa meno aliyefuata madoa ya kahawia hadi kwenye chemchemi

Katika vijiji vingi vilivyo chini ya Mlima Meru, pembezoni mwa Kilimanjaro na kandokando ya Bonde la Ufa huko Kenya, si ajabu kukutana na mtu anayefunika mdomo kwa kiganja anapocheka. Meno yake yana madoa ya kahawia. Ameyasugua kwa mswaki, kwa mkaa, kwa majivu na hata kwa mchanga, lakini hayatoki. Wasikilizaji wetu wengi mnawajua watu wa namna hiyo, na wengine mnaijua hali hiyo kwa kuwa ni yenu wenyewe.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyetumia miaka 30 kutafuta chanzo cha madoa hayo. Hakuwahi kuishi Afrika Mashariki. Aliishi Marekani, na amekwishafariki miaka mingi iliyopita, lakini kila anayesomea udaktari wa meno hukutana na jina lake. Ni Frederick McKay.

Kijana mgeni mjini

McKay alizaliwa mwaka 1874. Alihitimu masomo ya udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1900, na mwaka uliofuata akahamia Colorado Springs, mji ulio chini ya milima upande wa magharibi wa Marekani, ili afungue kazi yake huko.

Wagonjwa wake wa mwanzo walimshangaza. Wengi waliozaliwa na kukulia mjini hapo walikuwa na madoa ya kahawia, mengine yakiwa meusi kama chokoleti. Akatafuta katika vitabu vyote alivyosoma chuoni, asione ugonjwa huo popote. Akawauliza madaktari wenzake wa mji ule, akakuta wamekwishaizoea hali yenyewe. Kawaida ni kama sheria, na kwao madoa yale yalikuwa sehemu ya maisha ya pale.

Wenyeji nao walikuwa na maelezo yao. Wapo waliosema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wapo waliosema ni maziwa mabaya, na wapo walioyashuku maji kwamba yana chokaa nyingi. McKay hakukubali wala kukataa. Aliamua kuchunguza.

Watoto tisa katika kila kumi

Kwa miaka kadhaa alifanya kazi hiyo karibu peke yake, hadi alipomvuta Dakta Greene Vardiman Black, mtafiti wa meno aliyesifika kuliko wote Marekani wakati huo. Black alifika Colorado mwaka 1909. Aliposikia kwamba uchunguzi umeonyesha karibu asilimia 90 ya watoto waliozaliwa mjini humo wana madoa, na alipojionea mwenyewe mitaani, alistaajabu kwamba hali kubwa kiasi hicho haikuwahi kuandikwa popote. Walishirikiana hadi Black alipofariki mwaka 1915.

Waligundua mambo mawili yaliyokuja kuwa na uzito mkubwa.

La kwanza, madoa hayo hayampati mtu mzima. Mtu aliyehamia mjini akiwa amekwishakua alibaki na meno yake meupe hata akikaa miaka mingi. Waliokuwa hatarini ni watoto ambao meno yao ya ukubwani yalikuwa bado yanajengwa ndani ya ufizi. Maana yake, doa halikuwa uchafu ulioganda juu ya jino. Jino lilikuwa limeharibika lilipokuwa likiumbwa, kabla halijachomoza. Ndiyo sababu mswaki na mchanga haviliondoi.

La pili, meno yale yaliyochukiza macho hayakuwa yakioza kama meno mengine. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha matarajio yao, na hawakuweza kulieleza.

Bomba la Oakley

Mwaka 1923 McKay alisafiri hadi Oakley, mji mdogo katika jimbo la Idaho. Wazazi wa huko walikuwa na wasiwasi, kwani watoto wao walikuwa wameanza kuota meno yenye madoa, jambo ambalo halikuwapo zamani. Alipowahoji, walimweleza kwamba mambo hayo yalianza baada ya mji kujenga bomba la kuleta maji kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu, umbali wa kilomita nane hivi.

McKay alipima maji yale, lakini kwa vipimo vya wakati huo hakuona chochote cha kutilia shaka. Hapo angeweza kusema hana ushahidi, akarudi kwake. Badala yake aliwashauri viongozi wa mji waliache bomba lile na kutumia chemchemi nyingine iliyokuwa karibu.

Tufikirie uzito wa ushauri huo. Bomba lilikuwa limegharimu fedha za wananchi, na daktari hakuweza kuwaonyesha sumu yoyote ndani ya maji. Alichokuwa nacho ni hesabu tu, yaani nani amepata madoa, nani hakupata, wanatumia maji gani na tangu lini. Watu wa Oakley walimsikiliza. Baada ya miaka michache, watoto wadogo wa mji huo walianza kuota meno ya ukubwani yasiyo na doa.

Sasa McKay alikuwa na hakika kwamba kosa limo ndani ya maji. Hakujua tu ni kitu gani.

Jibu kutoka kiwanda cha alumini

Baadaye alikwenda pamoja na Dakta Grover Kempf wa idara ya afya ya jamii ya Marekani hadi Bauxite, mji wa wachimbaji katika jimbo la Arkansas. Huko walikuta watoto wana madoa, lakini watoto wa mji mwingine ulio umbali wa kilomita nane tu hawana.

Taarifa yao ilimfikia H. V. Churchill, mkemia mkuu wa kampuni ya alumini iliyomiliki mji wa Bauxite. Siku zile watu walikuwa wakidai kwamba sufuria za alumini zina sumu, na Churchill alihofia kwamba madoa ya meno nayo yangebebeshwa alumini. Mwaka 1931 aliagiza maji ya Bauxite yapimwe kwa mitambo mikali kuliko ile ya kawaida. Alumini haikuwa tatizo. Kilichoonekana ni floraidi nyingi kupita kiasi. Hakuamini, akaagiza sampuli nyingine ipimwe. Majibu yakawa yale yale.

Alimwandikia McKay kumwomba sampuli za maji kutoka kila mahali penye madoa. McKay alizikusanya, na zote zikaonyesha floraidi nyingi. Tangu aingie Colorado Springs ilikuwa imepita miaka 30.

Kidogo hulinda, kingi hudhuru

Lilibaki lile fumbo la pili la meno yenye madoa kutooza. Dakta Trendley Dean wa serikali ya Marekani alilichukua, akapima maji ya miji mingi na kukagua vinywa vya watoto. Aligundua kwamba floraidi ikiwa karibu miligramu 1 kwa lita ya maji, meno hupata nguvu ya kupambana na kuoza, na madoa yanayosumbua hayatokei kwa watu wengi. Ni kama chumvi kwenye mboga. Kiasi chake hufaa, ikizidi huharibu chakula.

Januari 1945 mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kidogo kwenye maji ya bomba kwa makusudi. Miaka 11 baadaye, kuoza kwa meno kwa watoto waliozaliwa baada ya hatua hiyo kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60. McKay aliyaona matunda hayo. Alifariki mwaka 1959.

Sisi tunajifunza nini?

Kwetu, katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa na milima ya volkano, tatizo si floraidi kupungua bali kuzidi. Miamba ya volkano huiachia ndani ya maji ya ardhini. Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida kwa Tanzania, na Nakuru na Naivasha kwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana kwa hali hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi sana kwa miaka mingi, madhara hayaishii kwenye meno. Mifupa nayo huathirika, viungo hukakamaa, na watoto wengine miguu hupinda.

Kabla hatujamaliza, haya ndiyo tunayowaomba wasikilizaji wetu myazingatie:

Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Maji maangavu yanaweza kuwa nayo nyingi. Kabla kijiji hakijaanza kutumia kisima kipya, ulizeni ofisi ya maji kama yamepimwa floraidi.

Kuchemsha maji huua vijidudu, nako ni muhimu, lakini hakuondoi floraidi. Dawa ya klorini pia haiiondoi.

Maji ya mvua huwa na floraidi kidogo sana. Kama hayatoshi nyumba nzima, yatengeni kwa ajili ya watoto wadogo na kwa kupikia uji wao, kwani ni wao ambao meno yao bado yanajengwa. Yahifadhini kwenye chombo safi chenye mfuniko.

Ipo njia ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliotayarishwa kitaalamu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Msijaribu kuutengeneza wenyewe kwa kubahatisha.

Baadhi ya magadi ya kulainishia maharage na makande yana floraidi nyingi. Ni vyema kuyapunguza.

Mswaki ni asubuhi na usiku. Dawa ya meno kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu isizidi ukubwa wa punje ya mchele, na afundishwe kutema. Soda na peremende zipungue, maana sukari ndiyo chakula cha vijidudu vinavyotoboa meno.

Na mtoto mwenye madoa asichekwe wala kuitwa mchafu. Alikunywa maji aliyopewa na wakubwa. Kazi ya kuuliza maji hayo yana nini ni yetu sisi.