Sheikh Al-Amin Mazrui na Nukta Tatu

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu Palma hadi Mocímboa da Praia na kushuka mpaka Ibo, mtoto aingiapo chuoni hufundishwa kwanza namna ya kuipeleka kalamu. Alifu hushushwa toka juu kwenda chini. Mwili wa neno huandikwa toka kulia kwenda kushoto, wala kalamu haiinuliwi mpaka ifike herufi isiyoungana na ile ifuatayo. Nukta hutiwa baadaye, na irabu huja mwisho kabisa. Avurugaye utaratibu huo husahau nukta, na nukta ndiyo roho ya hati hii: kijino kile kile, kikiwa na nukta moja chini ni b, moja juu ni n, mbili juu ni t, mbili chini ni y.

Lakini hati hii ililetwa na Kiarabu, nacho Kiarabu hakina p, wala ch, wala v. Waandishi wa zamani waliandika b mahali pa p, wakamwachia msomaji kazi ya kukisia. Hivyo bata na pata yalikuwa neno moja karatasini. Kwa shairi labda si kitu. Kwa hati ya deni au barua ya mtawala ni jambo zito.

Mtu tunayemsimulia leo hakuzaliwa Msumbiji, bali hati aliyoishughulikia ni hii hii, kwani pwani nzima iliitumia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliopata kuutawala mji huo. Baba yake, naye mwanachuoni, alifariki mtoto akingali mdogo sana, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Baadaye alivuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao sifa zao zilikuwa zimeenea pwani yote.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Kiswahili, Sahifa, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka ule ule serikali za kikoloni ziliunda Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili, na Kiswahili hicho kilikuwa cha herufi za Kilatini. Mwaka 1932 likafuata gazeti lake la pili, Al-Islah. Humo aliwakemea Waislamu wenzake kwa uvivu wa elimu na kwa mambo ya ushirikina. Kwa maoni yetu, ukali wake ulikuwa wa mtu anayewapenda anaowakemea.

Sheikh aliona kwamba hati isiyosomeka kwa namna moja haiwezi kuelimisha umma. Akashika njia ya kuongeza alama: b yenye nukta tatu chini iwe p, jimu yenye nukta tatu iwe ch, fe yenye nukta tatu juu iwe v. Hakuwa wa kwanza. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alikwisha kuihangaikia kazi hiyo hapo hapo Mombasa. Tofauti ni kwamba Sheikh aliitia gazetini.

Kusini ya Ruvuma mambo yalikwenda vingine. Katika karne ya 19 watawala wa pwani waliwaandikia magavana wa Kireno kwa Kiswahili cha hati hii, na mamia ya barua hizo yamehifadhiwa Maputo. Kisha shule za kikoloni zikahesabu Kireno peke yake, na mzee aliyeandika barua maisha yake yote akaitwa asiyejua kusoma.

Hapa twawageukia ndugu zetu askari na polisi. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji waliposhambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, karatasi yenye herufi hizi yaweza kumtia mwenyewe mashakani. Yaweza kuwa hesabu ya samaki, au barua ya posa. Wahalifu wanaojua hati hii wapo, kama walivyopo wanaojua Kireno. Askari asiyeweza kuisoma amtafute awezaye, kabla hajaandika neno la tuhuma katika daftari la kituo. Naye huyo msomaji aulizwe kama nukta zimetiwa zote, maana wengi huandika bado kwa desturi ya zamani.

Mwaka 1937 Sheikh Al-Amin alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1944 baadhi ya makala zake za Sahifa zilitolewa kuwa kitabu, Uwongozi. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuja kushika cheo hicho hicho. Alifariki mwaka 1947, akaacha historia ya ukoo wake aliyoiandika kwa Kiarabu. Ilichapishwa Uingereza mwaka 1995.