Bertillon, Karani Aliyeupa Uso Msamiati

Mwaka mmoja niliwataka wanafunzi wangu waandike sura ya mgeni aliyeingia darasani ghafla, akachukua chaki na kutoka. Takriban wote waliandika kuwa alikuwa maji ya kunde, mwenye kimo cha wastani. Kwa maelezo hayo askari wangewakamata nusu ya watu wa sokoni! Tangu siku hiyo, nifundishapo insha ya maelezo huwasimulia habari za Alphonse Bertillon.

Bertillon alizaliwa Paris, Ufaransa, mnamo 1853. Babake alikuwa tabibu na mwanatakwimu mashuhuri, ilhali yeye hakung'ara shuleni. Mwaka 1879 aliajiriwa karani katika makao ya polisi jijini humo, anakili kadi za wahalifu zilizojaa maelezo matupu mithili ya yale ya wanafunzi wangu. Akaanza kuwapima wafungwa kichwa, kidole cha kati na wayo wa kushoto. Mwaka 1883 vipimo hivyo vilimfichua mhalifu wa kwanza aliyejisitiri kwa jina la uongo.

Linalonivutia zaidi ni ile picha yake ya maneno. Aliugawa uso sehemu sehemu, kila sehemu ikapewa istilahi zake. Mgongo wa pua ama umebonyea, ama umenyooka, ama umebenuka. Sikio alilienzi mno, hata akabainisha kama ndewe imeshikamana na shavu au yaning'inia. Askari aliyefunzwa aliweza kumtambua mtu kwa karatasi tu.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaomsifu bila kiasi. Msamiati ule ulimfaa askari aliyekuwa na mfungwa au picha mbele yake. Shahidi aliyevamiwa usiku hakupata nafasi ya kukagua pua. Aliuona uso mzima, tena kwa hofu. Akishurutishwa aieleze pua hiyo, atabuni jibu, mchoraji atalichora, na huenda asiye na hatia akafungwa. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1980 wanasaikolojia wamewahimiza wahoji kumrejesha shahidi kwanza, kwa fikira, mahali pa tukio, wamwache asimulie bila kumkatiza, na akiwa hakumbuki jambo aseme hivyo bila haya.

Bertillon mwenyewe alishindwa kusema hivyo. Mwaka 1894 aliitwa kuchunguza mwandiko katika kesi ya Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi aliyeshtakiwa kuuza siri za jeshi. Miandiko haikuwa taaluma yake. Palipofanana, aliona hatia. Palipotofautiana, alidai kuwa Dreyfus aliugeuza mwandiko wake makusudi. Kwa hoja ya namna hiyo, nani angeokoka? Dreyfus alifungwa zaidi ya miaka minne katika Kisiwa cha Shetani, pwani ya Guyana ya Wafaransa, na mahakama haikumtakasa hadi 1906. Bertillon alifariki mwaka 1914. Picha za washukiwa, moja ya mbele na moja ya ubavuni, zingali zinapigwa kwa utaratibu alioueneza.