Arthur Wint: Daktari aliyesalitiwa na msuli Wembley

MWANARIADHA Arthur Wint wa Jamaica alikuwa tayari ameipatia nchi yake dhahabu alipopokea kijiti cha zamu ya tatu katika fainali ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanaume wanne, uwanjani Wembley, London, Agosti 7, 1948. Wamarekani walikuwa mbele, naye akawa anawafukuzia. Ghafla msuli wa mguu ukavutika, asiweze kuendelea, na matumaini ya Jamaica yakazimika papo hapo. Marekani ikatwaa ushindi.

Wint alizaliwa Mei 25, 1920, katika jimbo la Manchester, Jamaica. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alikuwa rubani katika jeshi la anga la Uingereza. Mwaka wa 1947 aliliacha jeshi akaenda kusomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London. Alikuwa angali mwanafunzi alipoibuka mshindi wa mita 400 kwa sekunde 46.2 katika michezo hiyo ya 1948, akawa bingwa wa kwanza wa Olimpiki kutoka Jamaica. Katika mita 800 alipata fedha nyuma ya Mal Whitfield wa Marekani.

Jeraha lililomkatiza ni adui wa kila mkimbiaji wa kasi. Nyuzi za msuli hunyooshwa kupita kiasi zingali zimejikaza, nazo huchanika. Matabibu huligawa kwa viwango vitatu: nyuzi chache kuchanika, sehemu kubwa ya msuli kuchanika, na msuli kukatika kabisa. Daktari humhoji mchezaji jinsi maumivu yalivyoanza, hupapasa palipoumia na kupima nguvu za mguu. Inapobidi, huagiza picha za mawimbi ya sauti au za sumaku.

Huduma ya kwanza ni kuacha mchezo mara moja, kufunga bendeji, kuweka barafu ili kutuliza maumivu, na kuuinua mguu. Baada ya siku chache mazoezi mepesi huanza, yakiongezwa hatua kwa hatua hadi mbio za kasi. Haraka haraka haina baraka: anayerejea uwanjani kabla ya msuli kupata nguvu hujiweka katika hatari kubwa ya kuumia tena palepale.

Wint alingoja miaka minne. Huko Helsinki mwaka wa 1952, akiwa na umri wa miaka 32, alipata tena fedha katika mita 800, nyuma ya Whitfield yuleyule. Kisha akaanzisha mbio za kupokezana vijiti, akifuatwa na Leslie Laing, Herb McKenley na George Rhoden. Jamaica ilishinda kwa dakika 3 na sekunde 3.9, rekodi mpya ya dunia, ikiipiku Marekani kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde.

Alipohitimu udaktari, Wint alirejea nyumbani mwaka wa 1955 na kuwatibu wananchi wa jimbo la Hanover. Kati ya 1974 na 1978 alikuwa balozi wa Jamaica nchini Uingereza. Aliaga dunia Oktoba 19, 1992, siku ambayo Wajamaika walikuwa wakiwaadhimisha mashujaa wao.