Gertrude Elion: Alinyimwa kazi ya maabara, akatuachia dawa ya malengelenge ya mdomo

YALE malengelenge madogo yanayochoma pembeni mwa mdomo, ambayo wengi husema ni ya homa, huletwa na virusi vya hepesi. Leo ukienda kwa daktari huenda akakuandikia krimu au vidonge vya asaiklovia. Miaka 50 iliyopita dawa hiyo haikuwa sokoni. Wataalamu wengi waliona haiwezekani kupiga virusi bila kudhuru seli za mgonjwa ambamo vimejificha. Aliyeongoza kikosi kilichoonyesha kwamba inawezekana ni mwanamke aliyewahi kufungiwa milango ya maabara kwa kuwa ni mwanamke.

Gertrude Elion alizaliwa jijini New York, Marekani, Januari 23, 1918. Babake, mhamiaji kutoka Lithuania, alikuwa daktari wa meno. Gertrude alipokuwa na miaka 15, babu yake alifariki kwa kansa ya tumbo, naye akaamua kusomea sayansi ili apambane na maradhi. Pesa nyumbani hazikuwepo, maana babake alifilisika uchumi ulipoporomoka 1929. Bahati nzuri chuo cha Hunter kilisomesha wasichana bila karo. Akahitimu katika kemia mwaka wa 1937, akiwa na miaka 19 tu, kwa alama za juu kabisa.

Sasa kazi. Wapi! Maombi yake ya ufadhili wa masomo yalikataliwa. Kwenye mahojiano mojawapo aliambiwa eti angewavuruga wanaume maabarani. Basi akakubali kufanya kazi katika maabara bila mshahara, bora apate ujuzi. Baadaye akawa mwalimu mchana, na usiku na wikendi akafanya utafiti wa shahada ya uzamili, aliyoipata 1941. Mwaka huohuo mchumba wake alikufa kwa maambukizi ya bakteria kwenye moyo, kabla penisilini haijawafikia wagonjwa. Elion hakuolewa maishani.

Alipata kibarua cha kupima ukali wa achari za duka kubwa la vyakula. Vita vya Pili vya Dunia vilipowatoa wanaume maabarani, nafasi zikafunguka. Mwaka wa 1944 akaajiriwa na kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, chini ya George Hitchings. Alianza masomo ya uzamifu jioni, lakini chuo kikamtaka aache kazi asome kutwa. Akachagua kazi.

Wawili hao hawakuwa wakibahatisha dawa. Walichunguza jinsi seli na vijidudu vinavyojijenga, kisha wakaunda kemikali zinazofanana na vifaa hivyo vya ujenzi ili kuvihadaa. Kwa njia hiyo wakapata dawa ya kansa ya damu kwa watoto, na nyingine iliyosaidia mwili kupokea figo ya mtu mwingine.

Asaiklovia hufanya kazi kwa ujanja huohuo. Ikiingia kwenye seli, kimeng'enya cha virusi chenyewe ndicho huiwasha, na ikishawaka huzuia virusi kujinakili. Seli isiyo na virusi haina kimeng'enya hicho, hivyo haiguswi sana. Marekani iliidhinisha dawa hiyo 1982. Haing'oi hepesi kabisa, kwani virusi hubaki vimelala kwenye neva. Ila ikianza kutumiwa mapema hupunguza makali na siku za maumivu.

Usiichanganye na dawa ya fangasi. Utando mweupe mdomoni, unaowapata sana watoto wachanga na wenye kinga dhaifu, ni wa fangasi, na asaiklovia haiufanyi kitu. Huo hutibiwa kwa dawa kama nistatini, iliyogunduliwa na wanawake wengine wawili wa New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, na kutangazwa 1950.

Mwaka wa 1988 Elion alitunukiwa Nobel ya tiba pamoja na Hitchings na James Black wa Uingereza, bila kuwahi kumaliza uzamifu. Alifariki Februari 21, 1999, akiwa na miaka 81.

Kijana unayezunguka na bahasha ya vyeti, kumbuka kwamba mshindi huyu wa Nobel aliwahi kupima achari. Alijifunza alichoweza pale, kisha akaendelea kubisha hodi kwingine.