Luther Burbank: Kijana wa mbegu 23 aliyeuza mbatata yake kwa dola 150

Wenzangu wa Mbwajumali wataniuliza, sisi na mbatata wapi na wapi? Na kweli, mbatata kwetu ni mgeni. Inalimwa bara kwenye baridi, inateremshwa kwa lori hadi Mokowe, inapakiwa kwenye boti pamoja na unga na vitunguu, ndipo ifike Kisiwa cha Pate na kuishia kwenye karai la mafuta. Shamba lake hatulioni. Wengi wetu hata hatujui kwamba mmea wa mbatata huzaa tunda.

Basi leo nawaletea mtu aliyeliona tunda hilo, akaliokota, na maisha yake yakageuka. Anaitwa Luther Burbank, Mmarekani, na amefariki tangu mwaka wa 1926. Hakuwa profesa wala hakusoma chuo kikuu. Alikuwa kijana wa shamba wa miaka 23, tena kwenye bustani ya mamake.

Luther alizaliwa Machi 7, 1849, katika mji mdogo wa Lancaster, jimbo la Massachusetts. Babake alikuwa mkulima na mfyatuaji matofali, na alioa mara tatu. Katika watoto 15 wa mzee huyo, Luther alikuwa wa 13. Alisoma shule ya kawaida ya hapo kwao, kisha akafanya kazi kwenye kiwanda cha kutengeneza plau. Kiwanda hakikumkaa moyoni. Alichopenda ni mimea.

Kitu kimoja kilimfungua macho: kitabu cha Charles Darwin cha mwaka wa 1868, kinachoeleza jinsi wanyama na mimea inavyobadilika mikononi mwa binadamu. Luther alikisoma akaelewa jambo moja kubwa, kwamba watoto wa mmea mmoja hawafanani, na anayechagua mbegu ya kupanda ndiye anayeamua kizazi kijacho kitakuwaje. Babake alipofariki, alichukua urithi wake akanunua shamba la ekari 17 huko Lunenburg, jirani na kwao, akaanza kulima mboga za kuuza.

Sasa ngoja tuielewe mbatata yenyewe kwanza, manake bila hapo hadithi haina ladha.

Mkulima wa Nyandarua au Meru akisema anapanda mbegu ya mbatata, kwa kawaida anamaanisha kiazi chenyewe kilichochipua. Kiazi hicho si mbegu hasa, ni kipande cha mama. Kitakachoota ni nakala ya mama yule yule, kwa uzuri wake na kwa magonjwa yake. Lakini mbatata ikichanua maua na maua yakachavushwa, baadhi ya aina huzaa matunda madogo ya kijani, ukiyaona utadhani nyanya mbichi. Si ajabu, kwani mbatata, nyanya, biringani na pilipili ni ukoo mmoja. Ila usijaribu kuonja, tunda hilo lina sumu. Ndani yake kuna mbegu ndogo ndogo, mara nyingi zaidi ya mia. Hizo ndizo mbegu halisi.

Na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Kila mbegu katika tunda lile ni mtoto tofauti, kama watoto 15 wa mzee Burbank. Mmoja atatoa viazi vyekundu, mwingine vyeupe, mwingine vidogo kama njugu, mwingine havioti kabisa. Ukitaka mfano wa nyumbani, chukua mbegu za papai moja tu uzipande zote. Utapata mipapai dume na jike, mirefu na mifupi, na utamu hautakuwa mmoja.

Kwa nini watu wahangaike na bahati nasibu hiyo wakati nakala ya mama ipo? Jibu liko Ireland. Kuanzia 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia kwenye mashamba ya mbatata ya nchi hiyo. Maskini wengi walitegemea aina chache zinazofanana, zote zikaoza pamoja. Karibu watu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine milioni nzima hivi wakahama nchi. Huko Marekani pia ukungu ulipiga. Mhubiri mmoja wa New York aitwaye Chauncey Goodrich akaagiza mbatata kutoka Amerika Kusini, akapanda mbegu za matunda yake, na mwaka wa 1853 akapata aina iliyoitwa Garnet Chili. Mbegu ya Garnet Chili ndiyo iliyozaa aina nyingine, Early Rose, mwaka wa 1861. Na Early Rose ndiyo iliyokuwa kwenye bustani ya mama Burbank.

Early Rose ilikuwa na sifa ya kutozaa matunda. Kwa hivyo mwaka wa 1872 Luther alipoona tunda moja linaning'inia kwenye shina, alijua si jambo la kila siku. Aliliacha likomae, akawa analipitia mara kwa mara kulitazama. Siku moja akaenda, tunda halipo. Huenda mbwa au ndege ameligusa likaanguka. Mwengine angesema riziki haikuwa yake, akaenda zake. Luther alipiga magoti akaanza kutafuta kwenye majani na mchanga, siku baada ya siku, mpaka akaliona limelala chini hatua chache kutoka kwenye shina.

Akalipasua. Mbegu zilikuwa 23.

Msimu uliofuata alizipanda nje shambani, kila mbegu mahali pake, kwa uangalifu kama anavyotunzwa mwana wa pekee. Zote 23 zikaota. Wakati wa kuchimba ulipofika alikuta mchanganyiko wa kila aina: vyekundu, virefu, vyenye macho mengi, vingi vya kutupwa. Mashina mawili yalikuwa mazuri kuliko mama yao. Na moja kati ya hayo mawili lilizidi yote, viazi vikubwa, vyeupe, laini, na vingi kwa shina. Akavihifadhi, akavipanda tena, vikazidi kuthibitisha.

Hapa inakuja sehemu inayoniuma kila nikiifikiria. Luther alikuwa na deni la shamba na alikuwa anataka kuhamia California walikokuwa kaka zake. Akampelekea mbatata yake mfanyabiashara wa mbegu wa Marblehead, James Gregory, akataka dola 500. Gregory akampa dola 150. Luther akakubali. Ukibadilisha leo moja kwa moja, hizo ni kama shilingi 19,000 za Kenya, ingawa wakati ule zilinunua vitu vingi zaidi. Gregory alimruhusu abaki na viazi kumi tu vya kupanda, na akaipa mbatata hiyo jina la kijana aliyeizaa: Burbank.

Mbatata ile ikatapakaa. Baadaye shina moja lake lilibadilika lenyewe, ngozi ikawa ya kahawia na yenye kukwaruza, ikawa inavumilia magonjwa na kukaa ghalani vizuri zaidi. Hiyo ndiyo Russet Burbank, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mbatata inayolimwa sana kuliko zote Marekani. Zile chipsi ndefu za McDonald's, nyingi zimekatwa kutoka kwake. Mamilioni ya tani, mamilioni ya dola, na aliyeianzisha alipata 150 na viazi kumi.

Alifika Santa Rosa, California, mwaka wa 1875 akiwa karibu hana kitu. Alifanya vibarua vya kila aina. Kuna kipindi alilala kwenye banda la kuku, kisha akaugua homa. Pole pole akaanzisha kitalu cha kuuza miche. Mwaka wa 1881 ndipo alipojitengenezea jina. Tajiri mmoja wa huko, Warren Dutton, alitaka miche 20,000 ya plamu ndani ya mwaka ule ule. Wenye vitalu wengine walisema haiwezekani. Burbank alipanda lozi, ambazo huota haraka, miche ilipopata nguvu akapandikiza vikonyo vya plamu juu yake. Kufikia mwisho wa mwaka miche karibu yote ilikuwa tayari.

Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Kwa zaidi ya miaka 50 alitoa aina mpya zaidi ya 800 za matunda, maua, mboga na nafaka, ikiwemo plamu ya Santa Rosa, ua jeupe la Shasta, na mpungate usio na miiba alioutaka uwe chakula cha mifugo nchi kavu. Njia yake ilikuwa ile ile ya bustani ya mamake. Otesha maelfu, tazama, bakisha mmoja au wawili, vingine choma. Thomas Edison na Henry Ford walisafiri kwenda kumtembelea mwaka wa 1915.

Lakini tusimfanye malaika. Mimi chuo nilikiacha katikati, kwa hivyo najua tunavyozipenda hadithi za watu waliofaulu bila digrii, mpaka tunaficha nusu yake. Burbank alilipia kukosa mazoea ya kisomi. Mwaka wa 1905 Taasisi ya Carnegie ilianza kumpa dola 10,000 kila mwaka, pesa nyingi mno zama hizo, ikatuma na mwanasayansi aandike anachokifanya. Tatizo ni kwamba Burbank alikuwa haandiki vizuri. Mambo mengi yalikuwa kichwani mwake na kwenye jicho lake. Nani kachavusha nani, lini, mara ngapi, kumbukumbu hazikutosha. Mwaka wa 1909 ufadhili ukasimamishwa. Tena kampuni iliyotumia jina lake kuuza mbegu na mimea ilifilisika baada ya miaka michache, huku wanunuzi wakilalamika kwamba waliuziwa mpungate wa kawaida ulioondolewa miiba tu.

Alifariki Aprili 11, 1926, akazikwa kwenye bustani yake mwenyewe huko Santa Rosa. Jimbo la California huadhimisha siku ya kupanda miti tarehe aliyozaliwa. Miaka minne baada ya kifo chake, 1930, Marekani ikapitisha sheria ya kumpa hataza mtu aliyebuni mmea mpya, na jina lake lilitajwa sana katika kuitetea. Ajabu ni kwamba sheria hiyo iliacha nje mimea inayopandwa kwa viazi. Maana yake, hata angekuwa hai, mbatata yake isingelindwa.

Leo mbegu halisi za mbatata zimerudi kuzungumzwa, hata hapa Kenya ambako zimefanyiwa majaribio. Sababu ni rahisi. Kupanda hekta moja kwa viazi unahitaji kama tani mbili. Kwa mbegu za tunda, gramu mia hivi zatosha, na magonjwa mengi yanayojificha ndani ya kiazi hayapiti kwenye mbegu. Fikiria lori zima likiingia kwenye mfuko wa shati.

Kama una ndugu bara kwenye baridi, mwambie ajaribu nyuma ya nyumba. Achume tunda likishalainika, alikamue, aoshe mbegu na kuzikausha kivulini. Azioteshe kitaluni kama nyanya, ahamishe miche baada ya wiki tano au sita, na asitegemee viazi vikubwa msimu wa kwanza. Ampe kila mche nambari. Achague vilivyo bora avipande tena.

Sisi wa Mbwajumali, tusidanganyane. Mbatata hutaka usiku wa baridi ili itunge viazi, na usiku wetu ni joto. Utapata majani mazuri na huzuni chini. Lakini nyanya tunazo, pilipili tunazo, mipapai iko kila ua. Kuna mche mmoja hapo kwenu uliovumilia kiangazi wenzake walipokauka, au uliokubali maji ya chumvichumvi ya kisima. Je, mbegu zake huwa zaenda wapi? Nyingi huenda jaani, kisha tunavuka bahari kununua pakiti dukani.

Jicho la Burbank twaweza kuliiga bila nauli. Daftari ambalo hakuliandika, tuandike sisi. Na ukipata kitu kipya kweli, ujue kwamba Kenya ina sheria ya haki za wagunduzi wa mimea, na KEPHIS ndiyo inayosajili. Uliza huko kabla hujashika dola 150 za mtu.

Msimu huu, kabla hujala ile nyanya iliyowazidi wenzake, iache ikomae hadi mwisho. Kausha mbegu, zitie kwenye karatasi, andika tarehe na mahali ilipoota. Kisha zihesabu. Burbank alianza na 23.