Kambarage Angeomba Leo, Angepata Chuo?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, sisi tulioko vyuoni tunageuka wapiga ramli. Mdogo wako anakutumia matokeo kwenye simu, unajumlisha pointi, halafu unatoa hukumu: huyu Muhimbili asahau, huyu ajaribu ualimu, yule akatafute kazi. A ni pointi 5, E ni 1. Kwa kozi nyingi ukiwa na ufaulu mkuu wa masomo mawili, jumla pointi 4, unaruhusiwa kuomba. Kuruhusiwa kuomba, sio kupata. Hapo ndipo ramli inapoanzia.

Nataka tumpigie ramli hiyo mtu ambaye wote tunamjua na ambaye mimi, mwenye miaka 22, sikumkuta duniani. Tumweke pembeni kidogo Baba wa Taifa wa kwenye noti ya elfu moja. Tumchukue Kambarage Nyerere kama mwombaji tu, mwenye faili lake mkononi.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa Chifu Burito wa Wazanaki. Shule ya Mwisenge, Musoma, alianza 1934 akiwa na miaka 12. Leo mtoto wa umri huo anajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Alikuwa na akili, hilo halina ubishi: masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora. Tusidanganyane lakini. Shule ile wakoloni waliianzisha wakiwafikiria watoto wa machifu, na kuwa mtoto wa chifu hakukumdhuru mtu pale.

Kwetu Shinyanga naye alikuwepo wa umri wake. Kidaha Makwaia, wa ukoo wa watemi wa Usiha, alizaliwa mwaka huohuo wa 1922, akapita Makerere, na mwaka 1945 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika pamoja na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Hao ndio walikuwa Waafrika wa kwanza mle. Mwaka huo Nyerere ndiyo kwanza anamaliza Makerere, na alichotoka nacho ni stashahada ya ualimu. Mpiga ramli yeyote wa 1945 angeweka pesa yake kwa Kidaha.

Naomba mwenzangu wa Elimu uisome tena sentensi hiyo: stashahada ya ualimu. Yule tunayemwita Mwalimu alikuwa mtu wa dipu, aina ileile ya mwanafunzi ambaye baadhi yetu tuliotoka moja kwa moja kidato cha sita tunamwangalia kama aliyeingilia dirishani.

Akarudi Tabora kufundisha St. Mary's, shule ya Wamisionari, masomo ya baiolojia na historia. Akiwa kazini alijisomea kwa ajili ya mtihani wa kuingilia chuo kikuu wa London. Januari 1948 akafaulu, daraja la pili. Sio la kwanza. Akaomba fedha za serikali ya kikoloni akasome Uingereza, akakosa. Hapa faili lingefungwa. Mtu ana miaka 26, ana kazi, ana mama na ndugu wanaomtegemea kule Butiama, na ameshanyimwa. Inasemekana hata yeye mwenyewe alisita kwenda, kwa sababu mshahara ndio uliokuwa unawalisha nyumbani. Padri Richard Walsh, mkuu wa shule, alikuwa nyuma yake kumsukuma. Aliomba tena, na mwaka 1949 akapata.

Kufika Edinburgh hakukumaliza mitihani. Alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia, na akafanya mtihani wa awali wa Kiingereza wa vyuo vikuu vya Scotland. Oktoba 1949 ndipo alipopokelewa Kitivo cha Sanaa, akiwa na miaka 27. Kwa hiyo hata kombi alibadilisha njiani! Alisoma uchumi, historia, falsafa na mengineyo, akahitimu Julai 1952. Mwaka uliofuata akamuoa Maria na kwenda kufundisha Pugu. TANU, uhuru na urais mnavijua, sivirudii.

Ninachotaka kukaa nacho ni pale mwombaji alipogeuka kuwa mshika rula.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwafukuza karibu 400, na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Mimi bado naona adhabu ile ilikuwa nzito kwa kosa la kuandamana, ingawa naelewa hasira ya mtu aliyejua nani anawalipia wale vijana ada.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Kuingia chuo kikuu hakukutegemea tena matokeo peke yake. Ukitoka kidato cha sita unakwenda jeshini, unafanya kazi angalau miaka miwili, halafu mwajiri na chama ndio wanaokuandikia kama unafaa. Ukiangalia, ni kama alichora ramani ya maisha yake: fundisha kwanza, digrii baadaye. Kwa mtoto wa mkulima wa Shinyanga aliyekosa vitabu, wazo lilikuwa na haki ndani yake. Alama za mtihani hazionyeshi mtu ni mvumilivu kiasi gani.

Lakini rula nayo ikapinda. Wasichana walipungua chuoni, maana miaka miwili ya kazi ndiyo miaka ya kuolewa na kulea, na anayeandika barua ya sifa njema ni bosi au katibu wa tawi, ambao walikuwa wanaume zaidi. Muda si mrefu wasichana wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja, na baadaye sharti lenyewe likaachwa kwa wote. Hakuna mahali nimeona kwamba Mwalimu alilitetea kwa kung'ang'ania baada ya hapo.

Nasema haya kwa sababu nilikuwa BTP Geita, na kule ramli inapigwa mapema kuliko hapa. Kijana wa kidato cha tatu alishaniambia kabisa kwamba chuo si chake; kaka yake yuko duarani Rwamagasa, anaponda mawe kwenye karasha, na wiki ikiwa nzuri anashika hela ambayo ticha wa BTP hajaiota. Sikuwa na jibu la hela. Nilimweleza njia zilivyo tu: ukikosa pointi 4 unaweza kurisiti, au ukasome diploma, na diploma yenye GPA ya 3.0 inakuruhusu kuomba digrii. Akaniuliza kama hao wa diploma huwa wanachekwa chuoni.

Nikamwambia ndiyo, wanachekwa. Halafu nikamtajia mmoja wao.